Usukani Ukitetemeka: Msake Mkosaji Kabla ya Kununua Kipuri

Mwambie fundi yeyote Nairobi kwamba usukani unatetemeka na utapewa mojawapo ya majibu mawili: piga balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu), au badilisha bushi (raba za viungo vya chini ya gari). Huenda yuko sawa. Lakini kabla ya kujibu alipaswa kukuuliza, unatetemeka lini? Mtetemo unaoanza kwenye kilomita 85 kwa saa na kupotea ukipita 110 hauna undugu na ule unaokuja ukigusa breki, wala na ule wa kupandisha mlima ukiwa umekanyaga mafuta. Ukishajua wakati, umeshapunguza washukiwa kutoka kumi hadi wawili watatu, na mjadala wa gereji unabadilika kabisa.

Yafuatayo yanamhusu mwenye Harrier, RAV4, X-Trail, Forester, CX-5, CR-V au Prado, yaani gari la kupeleka watoto shule wiki nzima na kwenda ushago mwisho wa mwezi. Vifaa vinavyohitajika ni jeki, stendi mbili za kuegemeza gari, spana ya nati za magurudumu, tochi, kipimo cha upepo wa matairi na mtu mmoja wa kukusaidia.

Kwanza, hakikisha gurudumu halitatoka

Kabla ya kulipeleka gari kwenye mwendo wowote wa majaribio, kaza nati. Ikiwa mtetemo ulianza muda mfupi baada ya tairi kutolewa, iwe kwa pancha, breki au matairi mapya, nati zilizolegea ndizo za kushukiwa kabla ya kitu kingine. Dalili yake mara nyingi ni kuyumbayumba hata kwenye mwendo mdogo wa kilomita 20 au 30, pamoja na mlio wa kugonga. Ukiyasikia hayo, simama hapo hapo. Usijiambie utafika nyumbani.

Nati hukazwa kwa kuruka, moja hapa na nyingine upande wa pili, kwa umbo la nyota. Kipimo cha kukaza huwa kwenye kitabu cha gari. Kwa SUV nyingi ndogo za Kijapani ni kati ya Nm (kizio cha nguvu ya kukaza) 100 na 120, na RAV4 na Harrier nyingi ni Nm 103. Bunduki ya upepo ya gereji (mashine ya kukazia nati) hupita kiwango hicho kwa urahisi sana, na hapo ndipo matatizo ya diski za breki huzaliwa, kama tutakavyoona. Mwombe fundi amalizie kwa spana ya mkono yenye kipimo. Asipokuwa nayo, amalizie kwa spana ya kawaida bila kuongeza bomba la kuirefusha.

Angalia pia aina ya nati. Rimu nyingi za aloi zilizotoka kiwandani na Toyota hutumia nati zenye washa bapa, ilhali rimu nyingi za kununuliwa dukani hutaka nati zenye ncha iliyochongoka kama koni. Ukizichanganya, nati inaonekana imekaza kumbe imeshikilia sehemu ndogo tu ya chuma.

Tope la ushago

Msimu wa mvua kuna mtetemo mmoja unaowapata watu wengi na hautibiwi kwa pesa. Gari limerudi kutoka barabara ya udongo, tope limejibandika upande wa ndani wa rimu na kukauka. Kituo cha kuoshea magari kinang'arisha upande wa nje, unaouona wewe. Jumatatu unaingia Thika Road na usukani unacheza.

Tope dogo hivyo linawezaje? Tairi la 225/65R17, ambalo ni saizi ya SUV nyingi za familia, lina mzunguko wa kama mita 2.27. Ukiwa kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka zaidi ya mara 12 kila sekunde. Gramu 30 za tope kwenye ukingo wa rimu zitakuwa zikivuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 4, na mwelekeo wa kuvuta ukibadilika mara hizo 12 kwa sekunde. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kipande cha risasi cha balansi kikidondoka kwenye shimo la barabarani unakihisi siku hiyohiyo. Piga tochi ndani ya rimu zote nne, sugua tope kwa brashi na maji, na utazame kama kuna alama safi ya mstatili palipokuwa na kipande cha uzito kilichobanduka.

Jaribio la barabarani

Chagua barabara iliyonyooka na lami nzuri. Southern Bypass au Thika Road asubuhi na mapema siku ya Jumapili zinafaa, malori yakiwa machache. Pima upepo kabla ya kuondoka, matairi yakiwa baridi, na ujaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, si kwa kipimo anachokumbuka kijana wa petroli. Mwenzako ndiye atakayeandika. Wewe shika usukani na uitazame barabara, na usipite mwendo unaoruhusiwa na alama.

Ongeza mwendo polepole kutoka 50 kwenda 100. Mtetemo ukizaliwa mahali fulani kati ya 80 na 110 na kuhisiwa mikononi, magurudumu ya mbele ndiyo ya kuangaliwa. Ukihisiwa zaidi kwenye kiti na sakafu huku usukani umetulia, elekeza macho nyuma, au kwenye propela shafti (mhimili mrefu unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma) kwa magari yaliyo nayo.

Ukiwa palepale kwenye mwendo unaotetemesha, ondoa mguu kwenye mafuta uache gari liteleze. Mtetemo ukikatika mara tu unapoondoa mguu na kurudi unapokanyaga, chanzo hakiko kwenye balansi. Ni kwenye shafti zinazopeleka nguvu magurudumuni, au mauntingi za injini (raba zinazoishikilia). Ukiendelea vilevile, tairi au rimu.

Hakikisha nyuma hakuna gari, kisha punguza mwendo kwa breki ya taratibu kutoka 90 hadi 50. Usukani ukipiga kushoto na kulia na pedali ikasukuma mguu wako, hizo ni diski.

Mwisho, egesha, weka gia kwenye P na ukanyage hadi mizunguko 2,500. Gari lililosimama likitetemeka halina haja ya kuinuliwa magurudumu. Shida yake ni ya injini: plagi, koili au mauntingi.

Matairi na rimu, ambako kesi nyingi huishia

Inua gurudumu moja moja. Uwanja uwe tambarare, breki ya mkono imevutwa, gia iko P, na jiwe au kipande cha mbao kimezuia gurudumu la upande wa pili. Maegesho mengi ya apatimenti zetu yana mteremko. Usiinulie gari hapo, na usiingie chini yake likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake.

Vizuizi na stendi zikiwa imara, achia kile kinacholishikilia gurudumu hilo (gia iende N kwa la mbele, breki ya mkono kwa la nyuma), kisha zungusha tairi kwa mkono huku umetuliza bisibisi karibu na ukingo wa rimu bila kuigusa. Rimu iliyopinda itakaribia bisibisi na kuondoka. Fanya hivyo tena kwenye uso wa tairi. Tairi ambalo nyuzi za chuma ndani yake zimekatika litaonekana kama limevimba mahali pamoja au likienda upogo. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi (mpira wenye michoro unaogusa barabara), mbele na nyuma: ukihisi mabonde na vilima, shoki (vifyonza mishtuko) zimechoka au kiungo fulani kimelegea, na tairi limekuwa likirukaruka badala ya kuviringika. Uvimbe wa ubavuni, ule wa ukubwa wa yai unaotokana na kugonga shimo au ukingo wa barabara, haurekebishiki. Tairi hilo litupwe.

Soma umri wa tairi. Ubavuni kuna maandishi yanayoanza na DOT, na tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kenya huruhusu magari ya mitumba yasiyozidi miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo gari "jipya" kutoka Mombasa linaweza kuja na matairi yenye kashata nene na mpira uliokwisha kukauka. Kashata peke yake haitoshi kukuambia kitu.

Sasa rimu. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni ugonjwa wa Nairobi hasa. Watu hununua rimu za kupendeza, nyingi za mitumba, wakiangalia idadi ya nati na umbali kati yake tu. Wanasahau tundu la katikati. Habu (kitovu cha gari ambako gurudumu hufungwa) ya RAV4 au Harrier ina kipenyo cha milimita 60.1, X-Trail 66.1, CX-5 67.1, CR-V 64.1, Forester 56.1. Rimu za dukani mara nyingi hutobolewa milimita 73.1 ili ziingie magari mengi. Ukiifunga rimu hiyo kwenye Forester bila pete ya kujaza nafasi, inashikiliwa na nati pekee, na ikikaa upande hata kwa sehemu ndogo ya milimita, gurudumu linazunguka kama yai. Kisa chake huwa kilekile: mashine ya balansi inaonyesha sifuri sifuri, mteja analipa, na barabarani usukani unatetemeka kama jana. Anarudi, anafanyiwa balansi tena, sifuri tena. Mashine haidanganyi, yenyewe ilishika rimu katikati barabara, gari halikufanya hivyo. Dawa ni pete nne za plastiki au alumini zenye kipenyo cha ndani cha habu yako na cha nje cha rimu. Ni kitu kidogo ambacho wauza rimu walipaswa kukupa bila kuombwa.

Ukitoa gurudumu, sugua pia uso wa habu na mgongo wa rimu kwa brashi ya waya. Ganda la kutu linatosha kulikalisha gurudumu mshazari.

Kupiga balansi, lakini ukiwa umesimama hapo

Simama karibu na mashine. Vipande vyote vya zamani vitolewe kwanza, rimu isafishwe, ndipo tairi lizungushwe. Fundi akishabandika uzito, lazima azungushe mara ya pili kuthibitisha. Wengi huruka hatua hiyo foleni ikiwa ndefu. Mashine ikidai zaidi ya gramu 60 upande mmoja, usikubali kirahisi kubandikiwa mlolongo wa risasi. Mwombe alitoe tairi upepo, aligeuze nusu mzunguko juu ya rimu, kisha apime upya. Mara nyingi kiasi kinashuka sana. Kwenye matairi mapya doti ya njano huonyesha sehemu nyepesi, nayo huwekwa sambamba na valvu.

Usiruhusu mbele pekee zipigwe balansi ikiwa una nia ya kuzungusha matairi baadaye. Zote nne zipigwe.

Na kama bado una shaka, kuna jaribio la bure: hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma, upande uleule, ya nyuma yaje mbele. Mtetemo ukihama kutoka mikononi kwenda kwenye kiti, umemshika mkosaji na hakuna haja ya kununua boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoruhusu gurudumu kugeuka). Kwa gari linalosukuma magurudumu yote manne, matairi yote yawe saizi moja na yaliyochakaa kwa kiwango kinachokaribiana, la sivyo unachosha mfumo wa kugawa nguvu, ambao ni ghali kuliko matairi.

Alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu? Alaimenti mbaya hula matairi upande mmoja na kulivuta gari pembeni. Yenyewe haitetemeshi usukani. Ukiambiwa uanze nayo, mtu anakuuzia mashine aliyo nayo.

Ukitetemeka kwenye breki tu

Watu husema diski imepinda. Kwa kawaida haijapinda kwa joto kama wanavyodhani. Unene wake umeacha kuwa sawa pande zote, au imekaa mshazari kwenye habu. Magari mengi ya Kijapani huruhusu diski iyumbe isizidi karibu milimita 0.05, yaani chini ya unene wa unywele wa wengi wetu. Diski ikizidi hapo, kila mzunguko inagusa pedi mahali palepale, sehemu hiyo inalika, na baada ya kilomita elfu kadhaa unene umeshatofautiana kiasi cha kuhisiwa mikononi. Ndiyo maana gari linaweza kutoka gereji likiwa shwari na kuanza kutetemeka miezi mitatu baadaye, na hakuna anayekumbuka bunduki ya upepo iliyokaza nati siku ile.

Njia nyingine ya kuharibu diski ni mteremko. Ukishuka Mai Mahiu, au Corner Baridi kuelekea Magadi, huku umeukandamiza mguu kwenye breki mwendo mzima, kisha ukasimama chini na kuendelea kushikilia pedali, pedi moto huacha alama ya utando kwenye diski. Shuka kwa gia: tumia L, B, S au gia za mkono kulingana na gari lako, na breki uzikanyage kwa vipindi.

Kutengeneza kunaanza kwa kutoa diski, kusafisha habu hadi chuma king'ae, kuirudisha na kuibana kwa nati zote, kisha kupima kwa geji yenye mshale. Ikiyumba, ifunge upya ikiwa imesogezwa tundu moja la nati na upime tena. Wakati mwingine kosa la diski na la habu hufutana. Unene upimwe sehemu kadhaa kwa maikromita. Kiwango cha chini kabisa kimeandikwa kwenye diski yenyewe, baada ya herufi MIN TH. Diski ikiwa bado nene inaweza kuchongwa, lakini iliyokaribia kikomo usiichonge; nunua mpya, zote mbili za mbele pamoja na pedi. Pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zitolewe na kupakwa grisi ya breki, kwa sababu kalipa iliyokwama itaua diski mpya kama ilivyoua ya zamani.

Viungo na bushi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Matuta na mashimo ya Nairobi huua viungo kweli, kwa hiyo fundi akisema bushi zimeisha ni rahisi kumwamini. Jizoeshe kusema sentensi moja kwa heshima: "Fundi, naomba unionyeshe ikicheza." Fundi mzuri hatakasirika, atachukua nondo na kukuonyesha.

Mwenyewe unaweza kuanza hivi. Gurudumu likiwa hewani na gari limeegemezwa kwenye stendi, lishike kushoto na kulia, kama saa tatu na saa tisa kwenye uso wa saa, ulisukume na kulivuta. Likicheza, tazama tairodi (fito zinazogeuza magurudumu) na raki ya stelingi (kifaa kinachozisukuma). Lishike juu na chini. Likicheza, ni beringi au boljointi. Ili kuzitenganisha, mwambie mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kutikisa: kucheza kukikoma, ni beringi, kukiendelea, ni boljointi. Beringi inayokufa huwa pia na mvumo unaopanda na mwendo na kubadilika ukikata kona. Mvumo ukizidi unapokata kulia, mzigo umehamia kushoto, basi shuku beringi ya kushoto.

Bushi ya nyuma ya ami ya chini (mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu) ndiyo inayosahauliwa. Ikipasuka, gurudumu husogea nyuma kila unapofunga breki, na usukani unatikisika kwa namna inayofanana mno na diski mbovu. Itazame kwa tochi kabla ya kulipia diski.

Bushi na boljointi za mitumba sizipendekezi kwa mtu yeyote. Chuma cha mitumba kinaweza kuwa kizuri, ila mpira huzeeka hata ukikaa rafuni. Ukienda Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri Nairobi ambao wazee bado wanauita Grogan, agiza kwa namba ya chesi (namba ya utambulisho wa gari) na si kwa "ya Forester ya 2014". Na bolti za ami zenye bushi za mpira zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limeshuka na uzito wote uko kwenye magurudumu. Zikikazwa ami ikiwa inaning'inia, bushi mpya inabaki imejipinda maisha yake yote na itachanika mapema. Ukibadilisha tairodi au ami, sasa ndiyo zamu ya alaimenti.

Ukitetemeka ukikanyaga mafuta

Mtetemo wa upande kwa upande kati ya 30 na 70, unaozidi kwenye mlima na kukoma ukiteleza, huelekeza kwenye jointi ya ndani ya shafti ya mbele. Jointi ya nje huwa na tabia nyingine: hugonga tak-tak-tak ukikata kona kali kwenye maegesho. Kagua buti za mpira zinazofunika jointi. Iliyopasuka na kurusha grisi ndani ya rimu imeshaingiza mchanga. Ukiigundua mapema unaosha, unatia grisi na buti mpya. Ukichelewa, unanunua shafti. Kwa Prado na wenzake, kagua pia jointi za msalaba za propela shafti. Shafti hiyo huzunguka haraka kuliko magurudumu, kwa hiyo mtetemo wake ni mwembamba na wa kasi, unausikia kwenye sakafu na kioo cha ndani kabla ya usukani.

Baada ya matengenezo

Rudi barabara ileile, saa ileile, upepo wa matairi uleule, na ufuate hatua zilezile za jaribio. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitatu pamoja hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu. Pedi mpya zizoeshe kwa breki nyepesi za kushuka kutoka 60 hadi 20, kama mara kumi, ukiziachia nafasi ya kupoa katikati bila kusimama kabisa.

Boljointi au tairodi iliyoonekana ikicheza usiende nayo hata sokoni; ita gari la kuvuta. Mtetemo mdogo wa balansi unaweza kusubiri hadi mwisho wa mwezi, ingawa utakula viungo taratibu. Na magurudumu yaliyotolewa, kwa sababu yoyote ile, nati zake zikaguliwe tena baada ya kilomita 80 hadi 100, asubuhi, yakiwa yamepoa.